Elijah Masinde na Safari ya Kumtafuta Mungu Kati ya Kanisa na Mlima

Anayesafiri kutoka Kitale kwenda Bungoma kwa kupitia Kamukuywa na Kimilili husindikizwa na Mlima Elgon upande wake wa kulia karibu safari nzima. Asubuhi mlima huo huwa umefunikwa na ukungu, na jioni huonekana umesogea karibu zaidi. Wabukusu huuita Masaba. Katika vijiji vilivyo chini yake majengo ya kanisa yamejaa, hasa ya Marafiki, wale ambao vitabu huwaita Wakweka, na ya Wakatoliki. Katika vijiji vivyo hivyo wapo wazee ambao wanapoomba huelekeza nyuso zao mlimani. Makala haya yanahusu maisha ya mtu aliyelelewa katika jengo la kwanza na akaishia kuwaongoza watu kuelekea mlimani.

Kabla ya kuendelea, yafaa nimwondolee msomaji utata mmoja ambao nimeukuta hata miongoni mwa wanafunzi wenzangu. Elijah Masinde si Masinde Muliro. Huyu wa pili ndiye mwanasiasa mashuhuri ambaye chuo kikuu kilichoko Kakamega kimepewa jina lake. Wote wawili ni Wabukusu na wote waliitikisa serikali kwa namna yake, lakini Muliro aliitikisa akiwa bungeni, na mwenzake aliitikisa kwa sala.

Masinde alizaliwa katika eneo la Kimilili yapata mwaka 1910, tukikubali makadirio ya wengi. Kizazi chake kilizaliwa katika kivuli cha kushindwa. Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza yalikuwa yamewavamia Wabukusu na kuwaua wengi katika ngome ya Chetambe, karibu na mji ambao leo tunauita Webuye. Vijana wa rika la Masinde walikua wakisikia habari za Chetambe kama mtoto asikiavyo habari za msiba uliotokea nyumbani kabla ya kuzaliwa kwake: hakuuona, lakini anaona jinsi watu wazima wanavyonyamaza unapotajwa.

Baada ya bunduki ilikuja misheni. Wamishonari watatu wa Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na katika miaka iliyofuata kazi yao ikaenea kaskazini hadi Lugulu na Kimilili. Mbegu hiyo ilishika kwelikweli, kwa maana leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ni kanisa la namna ya pekee. Halibatizi kwa maji, wala haligawi mkate na divai. Mafundisho yake ya asili ni kwamba ndani ya kila mwanadamu kuna nuru itokayo kwa Mungu, na kwamba mtu aweza kumfikia Muumba wake bila kuhani wa kumwombea. Naomba msomaji alishike fundisho hilo, kwa sababu nitalirudia.

Masinde aliingia katika kanisa hili akiwa kijana, akasoma kidogo katika shule za misheni, akapata jina la Elijah. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kulitafuta jina lenye majazi katika riwaya, na mara nyingi tunamshuku mwandishi kwamba amelipanga. Hapa hapakuwa na mwandishi. Elijah, au Eliya kama Biblia ya Kiswahili inavyomwita, ndiye nabii aliyepanda Karmeli kuomba moto, na ndiye aliyekimbia hadi mlima Horebu ili amsikie Mungu. Tena ndiye aliyemkabili Mfalme Ahabu usoni kwa sababu ya shamba la Nabothi, mtu maskini aliyeuawa ili mfalme apate kulichukua shamba lake la mizabibu. Mlima, moto, ardhi iliyoporwa na mfalme asiyetaka kuambiwa: maisha yote ya Masinde yamo katika jina alilopewa na misheni, na nina hakika waliompa hawakuwa na habari.

Ujanani umaarufu wake haukutokana na dini. Alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, mwenye umbo kubwa na nguvu nyingi. Mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika mashindano ya Kombe la Gossage. Baadaye aliajiriwa katika baraza la mahakama ya wenyeji, kazi yake ikiwa kuwapelekea watu hati za kuitwa shaurini. Kwa hiyo alianza kama mtu wa ndani hasa: muumini wa kanisa, mchezaji wa taifa, mtumishi wa serikali. Anayemchora Masinde kama mtu wa porini aliyechukia kila kitu kigeni bila kukijua hajayasoma maisha yake. Alivijua vitu hivyo kwa kuvitumikia.

Mfarakano wake na kanisa ulitokea katika miaka ya 1930 alipooa mke wa pili. Kanisa la Marafiki lilimtenga. Wapo wanaolitaja jambo hili kwa kicheko, kana kwamba dini nzima ilianzishwa kwa sababu ya mwanamume aliyetaka wake wengi. Mimi naona wanalipuuza. Masinde alikuwa amefundishwa kusoma Biblia mwenyewe, na humo alimkuta Ibrahimu, Yakobo, Daudi na Suleimani, watu wa Mungu wenye wake wengi. Aliambiwa kwamba nuru ya Mungu imo ndani yake. Alipoitazama nuru hiyo akaona jambo tofauti na waliloona wazee wa kanisa, akaambiwa kwamba nuru yake si nuru. Swali lililomkabili halikuwa la ndoa peke yake. Lilikuwa hili: ikiwa Mungu hutafutwa na kila mtu moyoni mwake, ni nani mwenye haki ya kumwambia mwingine kwamba amepotea njia?

Kulikuwa na suala jingine, dogo kwa sura, ambalo linatuhusu sisi wa taaluma ya lugha. Vitabu vya misheni ya Marafiki vilitumia Kilogooli, lugha ya watu wa kusini karibu na Kaimosi, na ndani yake Mungu aliitwa Nyasaye. Wabukusu tangu zamani humwita Muumba Wele. Mtu aliyezoea kumwita Mungu kwa jina moja tangu utotoni hahamii jina jingine kama anayebadilisha shati. Masinde alipoanza kuhubiri alilirudisha jina la Wele mahali pake, na waliomsikia walielewa mara moja kwamba haikuwa tafsiri tu. Alikuwa anawaambia kwamba Mungu waliyekuwa wakimtafuta katika kitabu cha wageni alikuwa amewajua babu zao muda wote.

Harakati aliyoianzisha mapema katika miaka ya 1940, pamoja na wenzake kama Benjamin Wekuke na Joash Walumoli, iliitwa Dini ya Msambwa. Jina hili lastahili kutazamwa. Neno dini limetoka Uarabuni, likapita pwani, likapanda bara pamoja na misafara na Kiswahili. Neno msambwa ni la Kibukusu, nalo hubeba maana ya mizimu ya wahenga na desturi takatifu walizoziacha. Nusu ya jina imetoka baharini na nusu imetoka mlimani. Wanaosema Masinde alitaka tu kurudi katika ukale wajiulize kwa nini hakutafuta jina la Kibukusu tupu. Alihitaji neno ambalo lingeiweka imani ya wahenga katika safu moja na Ukristo na Uislamu, na Kiswahili kikampa. Wafuasi wake walisali, waliimba, walitaja watu wa Agano la Kale. Wakati huohuo walimtolea Wele sadaka, wakawakumbuka wahenga waliofariki, wakauheshimu mlima. Mahali patakatifu huko juu ya Elgon walipaita Sayuni. Muumini wa kawaida wa kanisa angeona hapo mchanganyiko. Wao hawakuona mchanganyiko. Waliona mambo mawili yaliyokuwa yametenganishwa kwa nguvu yakikutana tena.

Hata hivyo, kumtafuta Mungu katika nchi iliyotawaliwa hakungeweza kubaki jambo la moyoni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali iliwataka Waafrika watoe vijana, nafaka na nguvu za kazi. Kulikuwa na amri ya kung'oa gugu moja lenye harufu kali lililoletwa na wageni na kutapakaa mashambani. Masinde alikataa kuling'oa. Hoja yake, kwa jinsi inavyosimuliwa, ilikuwa nyepesi na kali: aliyelileta aling'oe mwenyewe. Maafisa wa kilimo walichukiwa, na mwaka 1944 nyumba za baadhi ya watumishi wa serikali zilichomwa moto. Mwaka 1945 alikamatwa. Serikali haikutosheka kumwita mhalifu. Ilimpeleka katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, pamoja na wagonjwa wa akili, akakaa huko hadi mwaka 1947.

Tukio hili la Mathari hunirudia mara kwa mara ninaposoma habari zake. Kila dini ina historia ya watu waliosikia wito na kuitwa wendawazimu na jirani zao. Mara nyingi tofauti kati ya nabii na mgonjwa huamuliwa na aliye na ufunguo wa mlango. Sisemi kwamba kila aliyefungiwa Mathari alikuwa nabii. Nasema tu kwamba serikali ile haikuwa na kipimo cha kumpima mtu aliyedai kwamba Wele amemtuma, basi ikachukua kipimo cha daktari.

Alitoka akiwa na nguvu zaidi. Mnamo Septemba 1947 aliwakusanya watu kwa maelfu Chetambe, mahali palepale pa mauaji ya 1895, ili wawakumbuke waliokufa. Zaidi ya miaka hamsini ilikuwa imepita bila ya wafu hao kuombolezwa kwa pamoja inavyostahili. Katika mila za Wabukusu mtu akifa lazima asindikizwe, maneno ya hekima yasemwe, na walio hai wapatanishwe na aliyeondoka. Wafu wa Chetambe walikuwa hawajapata hayo. Waandishi wa siasa huuhesabu mkutano huo kuwa maandamano dhidi ya ukoloni, na ndivyo ulivyokuwa. Lakini kwanza ulikuwa matanga yaliyocheleweshwa. Nadhani tusipoliona hilo hatutaelewa kwa nini watu waliokuwa wakiingia kanisani kila Jumapili walimfuata mtu aliyetengwa na kanisa.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka na ya damu. Mapema Februari 1948 umati wa wafuasi ulikwenda katika misheni ya Kikatoliki ya Kibabii na kuwataka wamishonari waondoke. Tarehe 10 Februari polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi, watu 11 wakauawa. Siku chache baadaye Masinde alikamatwa, na Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku.

Hapa sina budi kusimama, kwa maana si haki kumsifu Masinde kwa yote. Watu waliotishwa Kibabii nao walikuwa wakimtafuta Mungu kwa njia yao, na miongoni mwa waumini wao walikuwamo Wabukusu ambao hawakulazimishwa na mtu. Yeye aliyekataa kuamuliwa na wengine namna ya kumwabudu Mungu alianza, yeye na wafuasi wake, kuwaamulia wengine. Wanaompenda hulipita jambo hili haraka. Moto uliochoma mashamba na majengo katika miaka ile haukuchagua sana, na familia nyingi zilizoishi kati ya Kimilili na Kitale zilijikuta katikati, zikiogopa askari mchana na jirani usiku.

Nataja Kitale kwa makusudi. Baada ya Vita vya Kwanza ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu, na reli ilifika Kitale mwaka 1926. Wabukusu wengi walivuka kwenda kuishi katika mashamba hayo kama maskwota, wakilima na kuchunga ardhi ambayo wengi wao waliamini ni ya babu zao. Dini ya Msambwa ilisambaa huko kwa nguvu. Ni rahisi kuelewa sababu. Skwota hakuwa na ua lake mwenyewe. Mbukusu aliye kwake hujenga namwima, kibanda kidogo cha kuwatolea wahenga sadaka; lakini utawajengea wapi wahenga katika shamba la mtu anayeweza kukufukuza kesho? Kwa mtu wa namna hiyo, mahubiri kwamba mlima mzima ni madhabahu, na kwamba hakuna mlowezi awezaye kuuwekea ua, yalikuwa chakula.

Mimi nililelewa viungani mwa Kitale, katika nyumba ya Kikristo iliyokuwa na picha ya Mchungaji Mwema ukutani. Jina la Masinde halikukatazwa kwetu, ila lilitajwa kwa sauti ya chini, kama jina la jamaa aliyefanya jambo ambalo familia haijaamua bado kama ni la aibu au la fahari. Bibi yangu, mtu wa sala asiyekosa kanisa, alikuwa na kawaida ya kutoka nje alfajiri na kusimama kidogo akiwa ameuelekea Elgon kabla ya kuwasha moto. Sikumuuliza sababu. Nilipoanza kusoma habari za Dini ya Msambwa alikuwa ameshafariki.

Masinde alipelekwa mbali kabisa na mlima: alihamishiwa Lamu. Msomaji wa jarida hili atautambua mji huo upesi. Ni katika visiwa vile, Pate na Lamu, ambako washairi wa Kiislamu walitunga tendi za kuikumbusha nafsi kwamba dunia inapita na kwamba kasri huanguka. Mtu wa Wele aliishi miaka mingi kando ya bahari miongoni mwa misikiti, katika nchi ya lugha iliyomkopesha neno dini. Huko bara moto aliouwasha uliendelea bila yeye. Tarehe 24 Aprili 1950, Kolloa huko Baringo, Mpokot Lukas Pkech aliyeyaeneza mafundisho hayo kwa watu wake alikabiliana na kikosi cha serikali. Maafisa watatu wa Kizungu na askari Mwafrika waliuawa, na Pkech na wafuasi wake zaidi ya ishirini wakafa. Masinde hakuwapo wala hakuamrisha, lakini jina lake lilibebeshwa mzigo huo.

Aliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa umekaribia, na akapokewa nyumbani kama shujaa. Mwaka 1964 dini yake iliruhusiwa kisheria. Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya kawaida: mtu aliyeteswa na wakoloni anapata heshima katika nchi huru. Lakini Eliya hakunyamaza baada ya Ahabu mmoja. Masinde aliendelea kuhubiri, akaendelea kulichokonoa suala la ardhi wakati ambapo mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa yakigawanywa na kuuzwa, akaishutumu serikali mpya kama alivyoishutumu ya zamani. Mwaka 1968 Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku tena, mara hii na serikali ya Waafrika, na mzee akarudi gerezani. Aliachiliwa mwaka 1978, baada ya kifo cha Rais Kenyatta, Rais Moi alipoingia madarakani.

Wataalamu wamemweka katika safu ya wapigania uhuru wa mashambani. Audrey Wipper alifanya hivyo katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1977, na wengi wamemfuata. Sipingi. Ninalolalamikia ni kwamba katika maelezo ya aina hiyo dini huonekana kuwa vazi tu, na siasa ndiyo mwili. Mtu angeweza kupigania ardhi bila kupanda mlima kuomba. Angeweza kudai uhuru bila kuwatafutia wafu wa Chetambe matanga. Vyama vya siasa vilikuwapo, na vilikuwa tayari kumpokea mtu mwenye wafuasi wengi kiasi kile. Yeye alichagua kubaki na Wele, hata pale ambapo uchaguzi huo haukumletea ila pingu. Upo ushahidi mwingi kwamba alikuwa mkali, mwenye majivuno, asiyevumilia kupingwa. Hayo hayamwondoi katika orodha ya waliomtafuta Mungu; manabii wa Biblia aliyofundishwa hawakuwa wapole.

Na kuhusu kanisa lililomtenga? Wapo waumini wa Marafiki katika Kimilili ambao hadi leo wanamwona kuwa mtu aliyeiacha nuru. Wapo wengine, hasa vijana waliosoma, wanaosema kwamba kanisa lilimpoteza mtu mmoja na kwa kumpoteza likapoteza maelfu. Katika mazungumzo ya namna hiyo nimegundua kwamba watu hawamwongelei Masinde. Wanajiongelea wenyewe: kama mtu aweza kuwa Mkristo kamili bila kuwakana babu zake, na kama sala iliyosemwa kwa jina la Wele inafika mahali palepale inapofika sala nyingine.

Elijah Masinde alifariki Juni 1987, akiwa na umri unaokaribia miaka themanini, akazikwa nyumbani kwake Maeni, katika eneo la Kimilili. Kutoka hapo mlima unaonekana wote, tangu vilima vya chini hadi kilele, siku ambazo ukungu umeondoka.